Gari Lililokunywa Maji Siku ya Ntheo

Kila mvua ya Novemba ikikaribia nakumbuka Jumamosi moja ya ujana wangu, na nikiikumbuka nashika kichwa. Nimeikumbuka tena juzi, mwanangu, ulipokuja kutusalimia na hilo gari lako ulilolishusha mpaka tumbo linagusa majani. Ulifungua boneti ukanionyesha bomba jipya la kuvuta hewa, limeteremshwa mpaka nyuma ya bampa. Ulikuwa na furaha nyingi, nami sikujua nianzie wapi.

Basi nianzie hapa: hata mimi nilikuwa na gari kama hilo. Lilikuwa kuukuu, jeupe, na nililifanyia kazi mwenyewe nyuma ya nyumba ya mama pale Matiliku. Nilikata springi likashuka. Niling'oa kiti cha nyuma liwe jepesi. Halafu nikaondoa lile sanduku la filta ya hewa ambalo waliolitengeneza walikuwa wameliweka juu, karibu na taa, nikaunga bomba refu lililochungulia chini barabarani. Nilikuwa nimesikia kwamba hewa ya chini ni baridi na injini huipenda. Ukweli ni kwamba nilipenda ule mngurumo. Nilikuwa nikipita sokoni, watu wanageuka, nami najifanya siwaoni.

Jumamosi hiyo nilikuwa napeleka mbuzi wa ntheo kwa kina Mwende, kule Kilungu. Unajua kwetu msichana hahesabiwi kuwa mke wa mtu mpaka mbuzi hao wapokewe na wazazi wake. Baba yake Mwende alikuwa amenipa siku mara mbili, na mara mbili nikaahirisha. Mara gari limeharibika, mara bado nalitengeneza. Mara ya tatu alituma neno fupi: mbuzi wasipofika Jumamosi kabla ya jua kutua, nisijisumbue tena kuja. Mwende alilia. Nami nilimpenda sana msichana yule, sioni haya kulisema mpaka leo.

Tuliondoka mapema mchana, mimi na mjomba wangu Kioko, mzee aliyeendesha malori ya mchanga miaka mingi. Mbuzi watatu walisimama nyuma, mahali pa kiti, na kwa uzito wao gari likazidi kukaa chini. Tukafika drifti, lile daraja la saruji lililolala chini kabisa, ambalo mto ukijaa hupita juu yake. Tulipokuwa sisi jua lilikuwa kali, lakini milimani mvua ilikuwa imenyesha, na maji ya rangi ya kahawia yalikuwa yameikata barabara.

Mjomba alishuka, akavunja kijiti, akakichomeka pale hasa maji yalipoishia. Nawe umewaona wazee wakifanya hivyo. Kijiti kikizama, mto unapanda. Maji yakikiacha hatua mbili tatu, unavua viatu, unaingia kwa miguu yako kwanza, ndipo gari lifuate. Akaketi juu ya jiwe, akatoa ugoro wake.

“Maji inashuka,” alisema. “Tungoje saa moja hivi.”

“Mjomba, hatuna saa moja. Yule mzee alisema kabla ya jua kutua.”

“Jua iko juu bado. Na hii gari yako inavutia hewa kwa magoti. Itakunywa maji.”

Ng'ambo walikuwa wamesimama wasichana watatu na mitungi yao, wakitutazama. Sikuwa naharakishwa na jua peke yake, mwanangu. Nilimwacha mjomba kwenye jiwe lake nikaingia majini na mbuzi wangu, nikinguruma.

Katikati ya drifti mngurumo ulikatika ghafla. Maji yakawa yanapiga mlango, na mbuzi wakaanza kulia.

“Musyoka! Usiguse ufunguo!” Mjomba alikuwa ameshaingia mtoni na suruali yake ya kanisani. “Tutasukuma! Usipige stata, mwana wakwa!”

Nilimsikia vizuri. Lakini wale wasichana walikuwa wanacheka, na masikio yangu yalikuwa yanawaka moto. Nikapiga stata. Injini ikazunguka kidogo, ikagonga kitu, ko! Nikapiga tena kwa hasira. Safari hii nilisikia chuma kikipinda ndani, nikajua nimeliua.

Mjomba hakunigombeza. Alifungua mlango wa nyuma, akambeba beberu mabegani, akatangulia. Walionicheka ndio walioweka mitungi chini, wakavuta mbuzi wawili waliobaki, kisha wakarudi kusukuma gari hadi ukingoni. Tukaliacha hapo, tukashika njia ya mlima kwa miguu.

Njiani nilitunga uongo. Nitasema jiwe lilipasua injini. Au nitasema mjomba ndiye aliyeniharakisha, maana yeye ni mpole, hatanikana mbele ya watu. Lakini nilikuwa natembea nyuma yake, na ile suruali ilikuwa inachuruzika maji ya tope kila hatua. Nilishikwa na huzuni, nikauacha ule uongo.

Jua lilikuwa linagusa kilima tulipofika. Baba yake Mwende alikuwa amesimama langoni.

“Gari iko wapi? Leo sijasikia kelele.”

“Nimeiua mimi, asa,” nikamwambia, nikimwita baba kwa lugha yetu. “Mjomba alinikataza kuingia kwa maji, nikaingia. Akanikataza kuwasha, nikawasha. Niliona aibu.”

Mzee alitazama viatu vyangu, akatazama suruali ya mjomba. Nikaona basi, nimemkosa Mwende.

“Siku zote hiyo gari yako ndiyo inafika hapa kwanza,” alisema mwishowe. “Tunasikia kelele, halafu ndiyo tunakuona. Leo ndiyo mara ya kwanza umekuja wewe.” Akageuka akaita ndani: “Kujeni mchukue mbuzi!”

Huyo mke wangu, Mama Mutheu, aliyekupikia muthokoi juzi ukamaliza sahani mbili, ndiye Mwende.

Sasa sikiliza. Sikwambii uuze gari lako. Rudisha bomba lile juu kabla mvua haijaanza, na drifti ikijaa, keti na wazee ungoje kijiti. Ikitokea limezimika majini, toa mkono kwenye ufunguo. Injini imezoea kubana hewa, na maji hayabaniki. Ukilazimisha, chuma ndicho hupinda. Lisukume nje, fungua plagi zote, zungusha injini maji yaruke, kisha tazama oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwage. Gari langu lingepona kama ningeishia kwenye kosa la kwanza. La pili nililifanya kwa kuogopa kuchekwa, na watu wenyewe walikuwa tayari kunisaidia. Utakosea mengi, kwa gari na kwa watu. Ukikwama, usiwashe tena kwa hasira. Shuka, useme umekosea, uruhusu watu wakusukume.

Mungu akuvushe salama kila mto, mwanangu. Akupe mjomba wa kukukataza, na akujalie masikio ya kumsikia. Na siku utakapopeleka mbuzi wako, uniite, nitakuja na kijiti changu.