Slaidi Isiyokauka

"Mwalimu, nichore ninachokiona au nichore kilichopo ubaoni?"

Niliulizwa hivyo Jumatatu moja ya masika, kwenye maabara ya shule ya sekondari iliyo kando ya barabara ya kwenda Mwaya. Aliyeuliza alikuwa msichana wa kidato cha pili, mdogo wa umbo, aliyekuja shuleni kwa baiskeli ya baba yake huku miguu ikifikia pedeli kwa shida. Ubaoni nilikuwa nimechora seli za kitunguu kama zinavyochorwa na vitabu vyote: matofali yamepangwa vizuri, kila moja na kiini chake. Lakini zamu yake ilipofika, ndani ya hadubini kulikuwa na kitu kinachofanana na karatasi ya pipi iliyokunjamana.

Hapakuwa na muujiza. Tulikuwa na hadubini moja na wanafunzi sitini na wawili. Unabandua ngozi nyembamba ya kitunguu, unailaza kwenye kioo juu ya tone la maji, unaifunika kwa kioo kingine chembamba, na foleni inaanza. Joto la Kyela halingoji foleni. Wa mwanzo wanaona seli. Kufikia katikati tone limeanza kukauka pembeni. Wa mwisho wanaona takataka, kisha wanakaa chini na kunakili ubao. Huyu msichana kila wiki alikuwa wa mwisho, na kunakili alikuwa hataki. Ukurasa wake ulikuwa mtupu.

Nilijua mtihani unataka nini: unataka ubao. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nimewachosha wahadhiri miaka mitatu kwa kuwauliza "umejuaje?", hadi mmoja akaniomba nimwache amalize kipindi kwanza. Ningemwambiaje mtoto anakili kitu asichokiona?

"Tutaongea," nikasema. Jibu la woga.

"Basi kwenye fomu nitajaza sanaa," akasema, bila hasira. "Historia haikauki, mwalimu."

Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka sana. Wiki ile kidato cha pili walikuwa wanachagua mchepuo, sayansi au sanaa, na fomu zilitakiwa kurudishwa Ijumaa mchana. Katika darasa lile sikuwa na mwanafunzi mwingine aliyekataa kuandika asichokiona, na ndiye niliyekuwa naelekea kumpoteza. Nilikuwa mwalimu wa kujitolea tu, nasubiri ajira kama wenzangu wote, lakini nilipakia hadubini kwenye sanduku lake la mbao, nikaomba ruhusa ya mkuu wa shule, nikaifunga kwa mpira kwenye keria ya baiskeli na kuondoka nayo.

Chuoni tulikuwa na slaidi, vioo vyenye seli tayari ndani, zilizotengenezwa kabla sijazaliwa, na seli zake zilikuwa bado zimenona. Hazikulazwa kwenye maji matupu. Nilikumbuka kwamba glisirini huchanganyika na maji lakini yenyewe haikauki. Glisirini tunayo, wanawake wanajipaka.

Mjini Kyela nilikwenda kwa mzee mmoja ambaye baba yake alitoka Kilwa. Duka lake lina udi, kanga, mafuta ya nywele na kila kitu cha kupaka.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwalimu. Nikupe nini?"

"Glisirini. Chupa tatu."

"Tatu?" Akanitazama juu mpaka chini. "Binti, ngozi yenyewe iko kiasi gani?"

"Si ya kupaka, babu. Ni ya kitunguu."

Akavua miwani. "Kitunguu kaanga kwa mafuta, mwanangu. Hii haikaangi."

Nikageuza chupa nisome maandishi. Haikuandikwa kama imechanganywa na maji, wala kama ina manukato. Nikamuuliza. Nikamuuliza pia imekaa dukani muda gani, na kama anajua inatengenezwa na nini.

"Wewe unanunua au unakagua?"

Nikanunua.

Jumanne baada ya vipindi niliweka hadubini barazani nilikopanga chumba. Mama mwenye nyumba ana shamba la kakao Njisi, na uani mkeka wa kakao ulikuwa umeanikwa kwenye jua la kubahatisha kati ya mvua mbili. Nilibandua ngozi ya kitunguu, nikailaza kwenye glisirini tupu, nikachungulia. Kwa dakika chache mambo yalikuwa mazuri mno. Kisha kilichomo ndani ya kila seli kikaanza kujitenga na kuta, kikajikunja katikati kama mtu mwenye baridi kwenye kitanda kikubwa. Nikarudia. Mara moja haitoshi kuamini kitu. Nikarudia tena. Mara zote tatu ilikuwa vilevile.

Mama alikuwa pembeni yangu anakatakata vitunguu vya kachumbari, usipa, dagaa wa ziwani, unakaangwa jikoni.

"Mbona unasonya?"

"Kitunguu kinasinyaa, mama. Nimekitia glisirini."

"Na maji?"

"Hapana. Glisirini tupu."

Akatua kisu. "Mwalimu, wewe hujawahi kutengeneza kachumbari? Kitunguu ukikimwagia chumvi kinafanyaje?"

"Kinalegea. Kinatoa maji."

"Sasa hiyo dawa yako nayo imekinyonya maji. Miaka mitatu chuoni walikufundisha nini?"

"Hilohilo, mama. Ila kwa jina refu."

Alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge, akasingizia vitunguu. Nami nilicheka, ingawa niliona aibu. Mtihani wa jambo lile niliufaulu vizuri sana. Swali lilikuwa la chumvi, nikajibu la chumvi, na haikunijia hata siku moja kwamba kitu kingine kizito kinaweza kufanya kazi ileile. Safari hii mimi ndiye niliyestahili kuulizwa "umejuaje?"

Nikaanza upya, polepole. Kwanza nilitia ngozi ya kitunguu kwenye iodini ya maabara, ili seli zife zikiwa zimenyooka na viini vipate rangi. Kisha nikachanganya glisirini kidogo na maji mengi yaliyochemshwa yakapoa, nikailoweka humo kwenye kisosi. Maji yanavyoondoka taratibu, glisirini inaingia taratibu, na seli haishtuki. Tatizo ni kwamba masika ya Kyela hayana haraka ya kuondoa maji popote. Jumatano yote kisosi kilikuwa vilevile. Mama akakihamishia karibu na jiko la mkaa, akakifunika kwa kawa, akawa anafukuza kuku.

"Ndaga fijo, mama," nikamshukuru kwa Kinyakyusa changu cha shida.

"Ndaga. Ila kikiungua usiniulize mimi."

Alhamisi jioni kilichobaki kwenye kisosi kilikuwa kizito kama asali changa. Nikaweka tone kwenye kioo, nikalaza ngozi, nikashusha kioo cha juu kwa mshazari ili hewa itoke. Slaidi mbili za kwanza zilijaa mapovu. Ya tatu ilikuwa na povu moja tu, pembeni. Ilibaki kuziba kingo, na kwa hilo nilihitaji rangi ya kucha. Mama anaimba kwaya kanisani, akasema vitu hivyo yeye hana. Baada ya muda akatoka chumbani na kichupa chekundu, akasema kilisahauliwa na mgeni.

"Hivi kucha kumi hazitoshi mpaka upake vioo?" akauliza, akabaki amesimama kuangalia mpaka nilipomaliza kingo zote nne.

Ijumaa asubuhi nilipanga foleni. Nilimwita yule msichana aje mbele.

"Hapana, mwalimu. Hapa panatosha."

Sikumlazimisha. Nilichukulia ni aibu.

"Kumbe kiini kipo kweli!" alisema wa kwanza.

"Toka, dakika imeisha!"

"Bado sijaona vizuri!"

"Kwani unasoma gazeti?"

Wa thelathini aliona matofali. Wa hamsini aliona matofali. Mimi sikuwa naangalia wanafunzi tena, nilikuwa naangalia ule mstari mwekundu wa rangi ya kucha, kama vile ningeweza kuuzuia usipasuke kwa macho. Zilipobaki dakika kama saba kengele igongwe, foleni iliisha akabaki yeye. Akainama. Akafumba jicho moja, kisha jingine, hadi nikashindwa kuvumilia.

"Unaona?"

"Naona. Matofali." Kisha: "Lakini hili halina kiini."

"Zungusha kidogo hilo gurudumu la ubavuni. Polepole."

"Ee. Kimetokea." Akaendelea kuzungusha. "Na hili duara jeusi pembeni?"

"Hewa. Kosa langu."

"Kwenye ubao halipo. Nilichore?"

"Unaliona?"

"Naliona."

"Basi lichore. Andika pembeni kwamba ni hewa."

Akachora kila kitu: matofali, viini, mahali ngozi ilipochanika, na duara la hewa. Mchana alirudisha fomu ofisini, nami nikaichungulia kabla haijawekwa kwenye faili. Sayansi. Nilirudi nyumbani naendesha baiskeli katikati ya madimbwi, nikala wali na usipa, nikalala vizuri kuliko wiki zote za muhula ule. Nilichukulia kwamba nimemwokoa mtoto anayesukumwa nyuma na wenzake kila wiki.

Mwaka jana nilikutana naye mpakani Kasumulu, amekuja kumpokea mama yake aliyekuwa anavuka kutoka Malawi na mizigo. Anasomea maabara. Tulikunywa soda chini ya turubai, nikamwambia jinsi nilivyokuwa nawachukia wenzake kwa kumrusha mkiani. Akashangaa. Hakuna aliyewahi kumsukuma, alisema. Alikuwa anajipanga mwisho mwenyewe, kila wiki, kwa makusudi: ukiwa mbele unaona kitunguu kikiwa bado kibichi lakini ni dakika moja na viwiko mgongoni, ila aliye wa mwisho anabaki na hadubini peke yake mpaka kengele igongwe.