Nilivyokwenda Mpanda Kulichosha Gari la Umeme

Mdogo wangu Agripina ni muuguzi kwenye zahanati ya kijiji kimoja kando ya barabara ya Mpanda kwenda Sitalike. Kilichonitoa kwangu Tabora ni ujumbe wake, ulioletwa kwa mdomo na abiria wa treni: "Mwambie dada aje na spana zake. Gari halina upepo, na akina mama wanajifungulia gizani." Mimi ni fundi wa mafriji na viyoyozi. Niliufikiria ujumbe ule nikaona ama abiria amelewa, ama mdogo wangu ana malaria. Kwa vyovyote ilinibidi niende.

Treni iliingia Mpanda asubuhi, nami nimekaa juu ya sanduku la vifaa kwa sababu kiti changu kilikuwa na jogoo wa mtu na mwenye jogoo hakutaka mazungumzo. Nje ya stesheni alinisubiri Kasimiri, dereva, mtu wa kabila la Wapimbwe, mpole, mwenye rozari shingoni. Gari lake lilikuwa dogo, jeupe, la umeme, limeletwa na wafadhili waone kama litaweza barabara zetu. Lilipoondoka sikusikia mlio wowote, nikadhani tunasukumwa.

Tulipoingia porini Kasimiri alipiga kelele, "Funga kioo, dada! Mbung'o!" Nilifunga. Nzi wale wa malale walikuja wengi ajabu, na karibu wote walijazana chini ya kioo cha mbele kama wameitwa kwenye kikao. Kiyoyozi kilikuwa kimewashwa hadi mwisho. Nikaweka mkono kwenye tundu: baridi ipo, upepo hakuna. Ni kama mtu anapuliza chai. Jasho likanitiririka mpaka viatuni.

"Ndiyo maana wageni wanalikataa," alisema Kasimiri. "Wanasema heri baiskeli."

Kijijini nilimkuta Agripina mzima kabisa, ila amekonda kwa hasira. Alinionyesha jenereta lililokuja pamoja na gari. Waya mmoja ulikwenda kwenye gari, mwingine wodini. Msimamizi wa mradi, Bwana Festo, alikuwa na amri moja tu kutoka kwa wakubwa wake, naye aliishika kama misa.

"Dizeli ni ya gari, mama," aliniambia kwa heshima. "Gari likila, na wodi inakula. Gari likishiba, nazima."

Na gari lilikuwa linashinda limeshiba, maana hakuna aliyekubali kupanda oveni ile. Hata siku ile, baada ya safari ya kutoka Mpanda, lilijaa kabla jua halijazama, jenereta likanyamaza.

Wodini alikuwamo Kabula, mke wa mfugaji wa Kisukuma, siku zake za kujifungua zimefika. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa mwanga wa kibatari na hakufika asubuhi. Alinishika mkono, akaniita mama kwa Kisukuma: "Mayu, gari litachoka kweli?" Nilitaka kucheka, nikashindwa. Niliogopa, nasema kweli.

Kesho yake asubuhi nilifungua boneti. Kasimiri alinishauri niongeze gesi, kama kila dereva nchi hii. Nikamwambia gesi ingekuwa imeisha tungepata upepo wa moto. Huu ni wa baridi, ila una kizuizi njiani. Feni ilizunguka vizuri. Nikafungua mahali gari linapovutia hewa, chini ya kioo cha mbele, nikakuta kitambaa cha buluu kimekunjwa mara nne na kushindiliwa.

"Hicho nimeweka mimi," alisema Kasimiri kwa majivuno. "Nimekikata kwenye mtego wa mbung'o kule porini. Kina dawa, dada. Wasipite hapo."

"Kasimiri, dawa inawaua wakishafika. Kinachowaita ni hiyo buluu!"

Alikichukua kitambaa, akakigeuza huku na huku. "Kumbe nilikuwa nawapa lifti," akasema.

Nyuma ya kitambaa, chujio lilikuwa limeziba kwa vumbi jekundu. Nililikung'uta, nikalipuliza kwa pampu ya baiskeli, nikarudisha kila kitu isipokuwa buluu. Tulipowasha, upepo ulinivua kilemba.

Hapo ndipo Agripina alipoonyesha kwamba ni mdogo wangu. "Zungukeni uwanjani," alituamuru, "baridi hadi mwisho, mpaka lichoke." Tukazunguka uwanja wa mpira tangu mchana, vioo juu, mimi nikitetemeka ndani ya koti la Kasimiri, huku nje watu wakijipepea kwa kofia. Kila mzunguko wanawake wa kijiji waliuliza, "Bado halijachoka tu?" Bwana Festo alisimama golini akipiga makofi, kwa furaha ya kuona gari linatumika. Kiyoyozi kikanyonya betri bila huruma. Jioni gari lilikata pumzi karibu na kona, vijana wakalisukuma hadi kwenye waya wake, na Bwana Festo mwenyewe akakimbilia jenereta.

Taa ziliwaka wodini wakati Kabula ameshaanza uchungu. Mtoto alitoka na kitovu kimemzunguka shingo. Agripina alikiona, akakitoa. Alikiona, ndiyo hoja yangu.

Siku ya kuondoka, Bwana Festo alinisindikiza hadi stesheni ya Mpanda. Alinishukuru sana, kisha akasogea kwenye dirisha la treni. "Mama fundi, upepo ni mzuri, ila siku hizi gari linamaliza betri kila siku. Jenereta halipumziki. Hakuna namna ya kulipunguzia?"

Namna ipo. Kuna swichi ya kiyoyozi kwenye dashibodi. Ukiigeuza kidogo tu, betri inadumu. Mafunzo yangu yote ya ufundi yamekuwa hayo, kwamba mashine nzuri ni ile isiyokula umeme ovyo, na sijawahi kumdanganya mteja.

"Hapana, bwana," nilimjibu nikimtazama machoni. "Haya magari ndivyo yalivyoumbwa."