Choo Nilichokiandika Bila Kukiona

Huko Mikinduri bado wananiita Daktari wa Mfuniko, na siwezi kukasirika, aibu yenyewe nilijitafutia.

Nilikuwa nasomea shahada ya uzamili ya afya ya jamii, na bila kufaulu ile miezi ya mashinani hakuna kuhitimu. Kazi ilikuwa kuzunguka boma kwa boma na Kagwiria, mhudumu wa afya wa kijiji, kuketi na watu, kuwasikiliza, ndipo ujaze fomu. Siku hiyo nilikuwa nimechoka hoi (milima ya huko haina huruma) na limebaki boma moja tu, la Mama Kananu, juu kabisa. Kagwiria akasema, "Twende, nilimwambia tunakuja." Nikamwambia nitaenda kesho, kesho gani, nikakaa kwenye jiwe nikaandika: choo kipo, kisafi, kina mfuniko. Hata mfuniko niliuweka, jamani.

Wiki iliyofuata mwalimu wangu akaja kunikagua. Akapewa chai, kikombe juu ya kikombe, halafu akasoma fomu zangu kwa sauti mbele ya baraza, akasema anataka kuona boma la mfano, na akachagua la nani? La Mama Kananu. Tukapanda, mwalimu mbele, kijiji kizima nyuma, mimi nikiomba mvua inyeshe turudi, na tulipofika mwalimu (ile chai ilikuwa imefanya kazi yake) akasema, "Mama, naomba kwanza nitumie hicho choo."

"Choo gani? Si ilianguka na mvua! Mimi huenda kwa jirani, huko chini."

Mwalimu akaangalia fomu, akaniangalia mimi, akashuka mbio ameshikilia koti. Watu walicheka mpaka machozi. Hiyo ningeivumilia, hata kurudia miezi yote ya mashinani, na nilirudia, ningeivumilia. Lakini Mama Kananu hakucheka. Alinishika mkono akasema polepole, "Kumbe ni wewe. Siku ile nilikupikia, nikakuwekea sahani ya mukimo, nikakungoja mpaka jioni. Nilitaka uone hilo shimo, uniombee vijana wa kanisa wanichimbie ingine."

Nilitamani nitumbukie humo shimoni.

Siku hizi mimi ndiye napeleka wanafunzi mashinani, na niliapa: boma la juu kabisa ndilo tunaanza nalo, asubuhi, miguu ikiwa bado ina nguvu.