Kidole Chenye Hofu Hupandisha Sauti

Wakati wa Wajerumani nilikuwa mwalimu msaidizi wa muziki katika shule ya misheni, juu kwenye miteremko ya Uluguru. Padri alikuwa ameleta fidla kutoka kwao, pamoja na moja kubwa ya kupigwa mtu ameketi, ambayo niliipiga mimi. Wanafunzi walikuwa watoto wa wakulima. Aliyejifunza fidla alihesabiwa kuwa mwanafunzi, na mwanafunzi hakuchukuliwa na akida wa serikali kwenda kwenye mashamba ya pamba huko bondeni. Kila mzazi alilijua hilo, na kila mtoto pia.

Padri alikuwa amechora mistari ya wino kwenye shingo za fidla kuonyesha kidole kikae wapi. Kwao huenda ilifaa. Kwetu ukungu uliingia darasani kila asubuhi, nyuzi za utumbo wa kondoo zikanywa unyevu na kubadilika, na mstari uliosema kweli jana ukasema uongo leo. Watoto waliendelea kuitazama mistari badala ya kusikiliza. Niliomba ruhusa nikaifuta.

Tulianza upya. Mmoja alivuta sauti moja ndefu, wengine wakaiimba midomo imefungwa mpaka wameishika, ndipo wakaweka vidole. Sauti zikikutana sawasawa, ubao wa fidla hutetemeka chini ya kidevu. Zisipokutana husikika mapigo, wa-wa-wa, na kadiri zinavyokaribiana mapigo hupunguza mbio mpaka yanakwisha.

“Mwalimu, fidla yangu leo ina mafua,” alisema mmoja asubuhi ya baridi.

“Haina mafua,” akajibu kijana mmoja mrefu kutoka Mlali, aliyewaongoza wenzake. “Ina mwenyewe kiziwi.”

Walicheka, nami nikawaacha wacheke, kwa sababu wakicheka walipiga vizuri zaidi. Nilikwisha kuona kwamba mtoto akiogopa, kidole hukaza, husogea mbele, na sauti hupanda.

Kisha padri akaingia darasani akiwa na kofia mkononi.

“Akida amemwambia Bwana Mkubwa wa boma la Morogoro kwamba ninaficha vijana wa kazi nyuma ya fidla,” alisema. “Bwana Mkubwa anataka kuwasikia mwenyewe. Wasiojua kupiga atawabakiza huko chini.”

Tangu hapo hakuna aliyecheka. Kila nilipowaambia walegeze vidole, vilikaza zaidi.

Tuliteremka Morogoro fidla zikiwa zimefungwa kwenye kanga za mama zao. Kule joto lilituharibia nyuzi tena, nikazikaza moja moja chini ya ukuta wa boma, jasho likinitoka mpaka vigingi vya kukazia vikateleza mikononi. Bwana Mkubwa aliketi barazani. Akida alisimama nyuma yake. Askari alikuwa na kiboko kwapani, na hakuwa na haja ya kukionyesha.

Walianza vizuri. Kabla ya katikati ya wimbo nikasikia fidla zinapanda, zote pamoja. Nilikuwa na nafasi ndogo ya kuamua. Ningebaki kwenye sauti iliyo sahihi, ningewaumbua. Nikasogeza vidole vyangu nikapanda nao, nikauepuka uzi wowote usioshikwa kidole, kwa kuwa huo haupandi, mpaka tukamaliza tukiwa tumekubaliana sisi kwa sisi.

Bwana Mkubwa aliitikia kwa kichwa polepole, ameridhika. Halafu akida akainama akamnong’oneza kitu.

“Yule mrefu,” alisema Bwana Mkubwa kwa Kiswahili. “Apige peke yake.”

 Mimi sikuruhusiwa kugusa fidla yangu. Yule wa Mlali alisogea mbele, na kutoka nilipoketi niliona vidole vya mkono wake wa kushoto vimekuwa vyeupe kwenye kucha. Nikajua sauti itakuwa wapi akianza hivyo.

Hakuanza. Alishusha upinde, akafumba macho, akaimba sauti ya kwanza midomo imefungwa, kama darasani.

“Anasali huyo,” akida akasema. “Mwisho atatuomba na sadaka.”

Askari akacheka. Kijana hakufumbua macho. Aliendelea kuivuta ile sauti mpaka nikaona mkono umelegea, ndipo akaweka kidole. Ilikuwa sahihi, na ya pili pia. Akapiga wimbo mzima peke yake, na hakupanda hata mara moja.

“Ni mwanafunzi,” alisema Bwana Mkubwa. “Arudi nao.”

Tulipokuwa tukifunga fidla, akida alikuja akasimama karibu na yule kijana, akampima kwa macho toka miguuni hadi begani.

“Mwakani utakuwa mkubwa zaidi, mwanangu,” alisema kwa upole. “Tutakusikiliza tena.”

“Ndiyo, bwana.”

Tulirudi mlimani wote, na mama zao walitupokea njiani kwa vigelegele. Lakini tangu safari ile yule kijana alianza kutembea amejikunja, mabega ndani na shingo chini, ili aonekane mfupi. Darasani alikaa vilevile. Mkao huo huubana mkono wa kushoto, na kwa masikio yangu kila siku sauti yake ilipanda kidogo. Kazi yangu ilikuwa kumwambia anyooke. Nilitembea kati ya viti, nikamrekebishia upinde na kidevu. Mabega sikuyagusa.