Kipa Aliyebaki Golini

Miaka michache baada ya Manyara kuwa mkoa, tulipata mwalimu mgeni kutoka Tanga aliyeamini kwamba vijana wa Gitting wanaweza kucheza mpira. Wazee walimsikiliza kwa heshima, kisha wakamuuliza mpira ni kilomita ngapi. Kwetu michezo ilikuwa mbio. Mtoto akitumwa chumvi alikwenda mbio na kurudi mbio, na akikutana njiani na mwenzake aliyetumwa kiberiti, hapo hapo yalikuwa mashindano.

Mimi nilikuwa mzito. Mdogo wangu wa kike alinipita akiwa na ndoo ya maji kichwani. Mwalimu akaniweka golini. Alipotuambia kwamba mtu wa timu ya wilaya angekuja kwenye mechi yetu na Masakta kuchagua mchezaji mmoja tu, niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. Nilichoka kuwa yule anayefika mwisho.

Uwanja wetu uliinama upande mmoja, ukishuka hadi kwenye mashamba ya ngano. Mechi haijachangamka, beki wetu akaupiga mpira nje, nao ukaanza kuteremka. Winga wetu akaufuata. Winga wa Masakta alipoona mwenzake anakimbia, naye akakimbia. Basi. Wachezaji wa ndani wote ishirini wakatimka, na watazamaji wakaupa uwanja mgongo.

"Mmoja anatosha!" mwalimu alipiga kelele. "Jamani, ni mpira wa kurusha tu!"

Refa, mkimbiaji wa zamani, alijizuia kidogo. Kisha akatia filimbi mfukoni, akaondoka. Kipa wa Masakta alitoka goli la pili akanipita.

"Wewe unasubiri nini?" aliniuliza bila kupunguza mwendo.

Mtu wa wilaya akaja polepole na daftari lake.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia.

"Marahaba. Unaumwa?"

"Siumwi."

"Mbona hukimbii?"

"Mimi ni kipa. Nikiondoka, goli litabaki wazi."

Akautazama uwanja mzima. Hapakuwa na mtu.

"Nani atafunga?"

"Sijui, mzee. Ndiyo maana nimekaa."

Akaandika jina langu.

Mpira ulirudi baadaye sana, pamoja na beki wa Masakta aliyebebwa mabegani. Refa alikuwa wa nne na alidai amezibwa njia. Ubishi juu ya mbio zile ukawa mkubwa, mechi ikasahaulika. Nilichaguliwa bila kudaka hata mpira mmoja.

Nyumbani nilimkuta baba akipukuchua mahindi.

"Shikamoo, baba. Nimechaguliwa timu ya wilaya."

"Marahaba. Umekuwa wa ngapi?"

"Mpira hauna wa ngapi, baba."

"Mlikuwa wangapi?"

"Ishirini na wawili, na refa."

"Wamechukua wangapi?"

"Mmoja."

Aliacha gunzi, akafikiri, akainuka na kumwita mama aliyekuwa jikoni.

"Mama, njoo umwone huyu mzito wako! Amewaacha watu ishirini na mmoja, na refa!"