Kioo cha Picha ya Mama

Harufu ya dawa ya meno, ile nyeupe yenye ubaridi wa mnanaa, hunirudisha kwenye baraza ya nyumba yetu ya Isecheno, msimu wa mvua nyingi, nilipokuwa darasa la nne. Msitu ulianzia pale shamba letu la mahindi lilipoishia. Kila alasiri mvua ilisikika kwanza kwenye majani huko, ngedere wakanyamaza, kisha ikaja kutupigia mabati. Baba alifanya kazi kwenye kitalu cha miche, na jioni alirudi na udongo mweusi kwenye kucha. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Picha yake ilitundikwa sebuleni ndani ya fremu ya mbao, akicheka, kichwa amekiinamisha kidogo kama mtu aliyeitwa ghafla na jirani. Tangu mazishi hakuna aliyemtaja nyumbani. Nikianza mimi, Baba alikohoa, na Kukhu, nyanya yangu mzaa baba, alikumbuka kuku ambao hawajafungiwa.

Msimu huo Baba alimwoa Rispa kutoka Matungu. Alikuwa mwembamba, mwenye maneno machache na mikono isiyojua kutulia. Alifagia hadi nyuma ya ghala. Sufuria zetu zilizokuwa nyeusi tii alizisugua kwa majivu na mchanga mpaka ukaweza kujiona ndani yake. Siku moja nilitoka shuleni nikamkuta ameishusha picha ya Mama. Kioo chake kilikuwa kimefifia kwa moshi, naye akakisugua kwa majivu yale yale. Moshi ulitoka, ndiyo. Lakini alipokiinua kwenye mwanga wa dirisha, tuliona sote wawili: mikwaruzo mingi myembamba, kama nyasi zilizolazwa na upepo, imekatiza pale pale uso wa Mama unapokaa.

Kukhu aliingia wakati huo huo. Alitazama, akasema, "Amemkwaruza mwenzake usoni," kisha akatoka. Kufikia Jumapili maneno hayo yalikuwa yamefika kisimani na kurudi. Mama wa kambo si mama, watu walisema, na mimi usiku nililala bila kula alichopika. Baba alijaribu kulifanya jambo liwe dogo. "Ni kioo tu. Jumamosi nitaleta kingine kutoka mjini."

Rispa alitikisa kichwa, akamwita Baba kwa jina langu. "Baba Mmbone, nikikitoa hiki, watasema nimeanza na kioo, nitamaliza na picha. Wacha nikitengeneze."

Alikifunga kwenye leso, akaenda nacho Kakamega mjini kwa fundi wa vioo. Alirudi amelowa, akiwa na dawa ya meno na maelekezo. Kwanza kioo kioshwe kwa sabuni, chembe ya mchanga isibaki. Kisha kitambaa laini, dawa kidogo, na mkono uzunguke polepole bila kukandamiza. Mkwaruzo ambao ukucha unakwama ukiupitia, huo ni wa ndani, hautatoka.

Basi kila alasiri, kazi zikiisha, alikaa barazani, kioo kimelala juu ya blanketi lililokunjwa, picha yenyewe ameiegemeza ukutani mbali na maji. Alisugua, akapangusa, akatazama, akaanza tena. Papo kwa papo kamba hukata jiwe, wahenga walisema, lakini kamba haikusimangwa kisimani. Mimi nilimwangalia nikiwa mlangoni.

"Kwani alikuwanga mtu wa kucheka hivi?" aliniuliza siku moja bila kuinua macho.

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Alichekanga hata kanisani."

"Kanisani!"

"Mchungaji aliuliza nani anataka kuokoka, mbuzi akajibu dirishani."

Rispa alicheka mpaka akaweka kitambaa chini. Hakuna aliyekuwa amecheka kwa ajili ya Mama tangu tumzike. Niliketi karibu naye, nikakichukua kitambaa, nikazungusha. Kuanzia siku hiyo kila mzunguko ulikuwa na swali, na kila swali lilikuwa na kisa. Kukhu alianza kusogeza kiti chake karibu, akijidai anachambua maharagwe. Niliporudia kile kisa cha kanisani, alishindwa kuvumilia. "Si mbuzi," alisema. "Alikuwa jogoo. Tena wangu." Akampokonya Rispa kitambaa. "Lete, mkono wako umechoka."

Mikwaruzo myepesi ilififia yote. Mmoja ulibaki, kutoka sikioni hadi begani, ule wa kukwamisha ukucha. Baba aliitundika picha, akasimama mbele yake, akalitamka jina la Mama, na safari hii hakukohoa. Tulipokuwa tukila ugali nilisema, "Mama, niongezee obusuma." Neno lilitoka kabla sijalipima. Rispa aliniongezea, kisha akaniongezea tena.

Leo naishi mjini. Kioo cha simu yangu kikikwaruzika, kinabandikwa kingine nikiwa nimesimama pale pale, na picha za wapendwa wetu hupita chini ya vidole vya watoto wangu kama mbegu zinazomwagwa. Silaumu, maisha yamekuwa mepesi, na wepesi nao ni neema. Ila hakuna anayekaa na uso mmoja msimu mzima.

Desemba iliyopita tulikuwa Isecheno. Rispa, sasa mwenye mvi, alikuwa akiwasimulia watoto wangu jinsi mama yangu alivyovuka mto uliofurika, viatu kichwani, akiimba ili asiogope. Alisimulia kama mtu aliyetembea ubavuni mwake.

"Nyanya," mtoto wangu wa mwisho akamuuliza, "mlikuwa marafiki?"

"Sana," akajibu.

Hawakuonana hata siku moja. Niliendelea kumenya viazi, wala sikumsahihisha.