Kinanda cha Dada na Wanawake wa Kioda

Tulipomleta dada yangu kutoka hospitali ya Mbinga kuja kumzika kwetu ufukweni, mama kiongozi wa kioda alinifuata jikoni, nilipokuwa nimekaa na wanaosonga ugali wa msibani. Kioda ni ngoma ya wanawake wa huku Nyasa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akaniuliza bila kuzunguka:

“Mwanangu, nasikia mwanafunzi wa marehemu atampigia kinanda kanisani. Sisi tujibu, au tukae kimya?”

Nikamwambia anipe muda. Akasema muda wenyewe hauko, jeneza linatoka saa nane.

Dada alianza na kinanda cha kanisa, kile cha kukanyaga kwa miguu. Mapadri wakamwona ana mkono wa muziki, akapelekwa Ulaya kusoma. Akakaa huko miaka mingi akipiga piano kwenye kumbi ambamo, alivyonieleza, watu hukaa gizani na mtu akitaka kukohoa hujizuia mpaka wimbo uishe. Mimi niliishia darasa la saba, nikabaki na mihogo na kuanika usipa, dagaa wa ziwa letu. Sikuwahi kuelewa vizuri kazi yake. Nilijua tu kwamba ni kazi, na kwamba inamchosha mgongo.

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wa kahawa wakaanza kupanda milimani hadi Maguu, alikuja na mpango. Yeye apige muziki wa kule, akina mama wacheze kioda, na wenzake wawili wazungu aliokuja nao waone. Piano iliazimwa Mbinga, ikateremshwa mlima kwa lori la kahawa. Ilifika kwetu Mbamba Bay ikinuka magunia, na sauti nyingine zikitoka kama za mtu mwenye mafua. Dada alishinda kwenye ukumbi wa kijiji akikaza nyuzi.

Wimbo aliouchagua ulikuwa na sehemu tatu, na kati ya sehemu na sehemu kuna kimya kidogo. Huko Ulaya watu husubiri. Kwetu wageni wakimaliza kucheza, wenyeji huinuka papo hapo na kuwajibu. Ukiuacha wimbo wa mgeni bila jibu, umemwambia ameimba vibaya.

Dada alimaliza sehemu ya kwanza, akainua mikono. Kimya.

“Jamani, mgeni kamaliza, nyie mmekaa kama mizigo!” akasema yule mama kiongozi, wakati huo bado ana nguvu za magoti. “Inukeni! Mnataka akatutangaze Ulaya kwamba hatuna adabu?”

“Kamaliza kweli? Mbona kawimbo kafupi hivyo?” mmoja akauliza.

“Kafupi ndiyo ka kwao. Piga ngoma wewe!”

Wakainuka na vigelegele, ngoma ikalia, ukumbi ukajaa vumbi. Wale wazungu wakatazamana. Dada akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa piano, mabega yakamtikisika. Nilikuwa nyuma yake, sikuona uso. Sehemu mbili zilizobaki hakuzipiga.

Baadaye alirudi kabisa, akafundisha watoto kinanda Mbinga, lakini ufukweni hakupiga tena. Kinachonisumbua ni kwamba alizaliwa hapa. Desturi aliijua. Kwa nini hakuwaonya akina mama mapema? Alisahau, au alitaka litokee? Siku moja tukimenya mihogo nilimuuliza: “Dada, siku ile ulilia au ulicheka?”

“Wewe uliona nini?”

“Mabega tu.”

“Basi na mimi nakumbuka hayo hayo mabega,” akasema, akaomba kisu kingine, chake butu. Sikujua kama ananitania.

Kwa hiyo siku hii ya mazishi saa nane ilifika sijampa mama kiongozi jibu. Ningesema wajibu, huenda ningemzika dada yangu na aibu yake. Ningesema wanyamaze, huenda ningemnyima jambo pekee alilolijia huku.

Kanisani, mwanafunzi wake, kijana ambaye sasa ni mwalimu, aliunganisha kinanda chake na betri ya gari. Alipiga taratibu, kisha akanyamaza, mikono hewani. Sikujua kama wimbo umeisha. Akina mama wote wakageuza shingo kunitazama mimi.

Nikaanza kuimba mwenyewe. Mimi si mtu wa kioda, sauti ilitoka mbaya, nikakosea hata maneno. Mama kiongozi akaidaka, wengine wakafuata. Kijana akageuka, akanitazama, hajui aendelee au aache. Nikatamani kumwelekeza, lakini jeneza lilikuwa kati yetu, limefunikwa kitambaa cheupe. Mwisho aliteremsha mikono akaanza kututafuta kwenye kinanda, sauti moja moja, akitukosa, akitupata. Niliinamisha kichwa. Jirani yangu akanishika bega, akaniuliza kama nalia, nikamuuliza yeye ameona nini.